KIINGEREZA CHA HOTELINI: NILIYOYAONA BUKOBA NA MULEBA

Nalikwenda Bukoba kwa ajili ya kahawa. Wenye kunywa kahawa katika baraza zetu za Mjini hawaulizi buni imetoka wapi, bora iwe chungu na iwe moto. Lakini mwenye kuiuza hana budi kuuliza, na bei za Dar es Salaam zilinichosha hata nikaona ni kheri niifuate mwenyewe ilipo. Nikapanda meli Mwanza usiku. Tulipokuwa katikati ya maji nikawakumbuka waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996, na wetu sisi wa Spice Islander wa mwaka 2011, nikawasomea Fatiha wote kwa pamoja. Asubuhi tukateremka. Nikakaa siku kumi na moja baina ya Bukoba na Muleba. Biashara imekwisha kwa faida ya kiasi, alhamdulillahi, wala si biashara ninayotaka kuiandika katika karatasi yetu hii.

Nataka kuandika juu ya Kiingereza cha watumishi wa hoteli, na juu ya mchezo. Najua wako watakaosema kwamba chama kina mambo makubwa zaidi ya michezo. Nawaomba wasome hadi mwisho, kisha waseme.

Hoteli niliyofikia si kubwa. Ina vyumba vichache na ukumbi wa kulia unaoelekea ziwani, na kisiwa cha Musira kinaonekana mbele yake. Asubuhi ya pili nalikuwa nikinywa chai, akaingia bibi mmoja wa Kizungu, taulo begani, akamwuliza binti anayehudumu kama hakuna maji ya moto. Aliuliza hivyo hivyo, kwa kukanusha: hakuna maji ya moto? Binti akajibu, "Yes." Bibi yule akashukuru, akapanda ngazi. Haukupita muda akarudi, nywele zina povu na sauti imepanda. Binti akakimbilia jikoni, akaja meneja kuomba radhi.

Tazameni kosa lilipo. Binti hakusema uwongo. Kwetu sisi mtu akiulizwa, "Huna sukari?" naye hana, hujibu, "Ndiyo, sina." Ndiyo yake inayakubali maneno ya muulizaji. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye huiangalia sukari wala hamwangalii muulizaji. Kama haipo jawabu lake ni "No", umeuliza kwa kukubali au umeuliza kwa kukanusha. Mimi nimewauzia watalii dukani miaka kadhaa na sikuwa nimelitambua jambo hili mpaka siku ile, na sasa nafahamu kwa nini baadhi yao walikuwa wakitoka dukani kwangu wamekunja uso.

Binti aliporudi kuondoa vyombo nikamwuliza, "Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Shehe."

"Na Kiingereza ulipata nini?"

"Nilipata C. Naandika vizuri. Kusema ndiko kunakonishinda."

Akanionyesha kijitabu chake cha kuandikia vyakula vya wageni. Kweli, hakikuwa na kosa hata moja, na hati yake nzuri kuliko yangu.

Basi mtu asome miaka minne historia kwa Kiingereza, biolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, afaulu, kisha ashindwe kumwambia mgeni kuwa maji ya moto hayapo! Huko Bara tangu mwaka 1967 skuli za msingi za serikali zinasomesha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia sekondari hukuta vitabu vyote vimegeuka kwa siku moja. Hapo hujifunza kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto anaandika daftarini, na mtihani nao ni wa kuandika. Mkono umesomeshwa na jicho limesomeshwa. Ulimi haukuitwa hata siku moja, ila siku ya kuhukumiwa: katika skuli nyingi mtoto aliyesikiwa akisema Kiswahili au lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe. Mtoto mwenye akili hufanya hesabu upesi. Akisema Kiswahili atavishwa kibao, akisema Kiingereza kibovu atachekwa, basi kilicho salama ni kunyamaza. Ndivyo wanavyonyamaza mpaka wanapata kazi, na kazi yenyewe ni ya kusema.

Mimi sikusoma sekondari. Nimesoma chuoni, na chuo changu nakijua mema yake na mabaya yake. Tulihitimu juzuu thelathini hatujui maana ya aya kumi. Bakora nayo ilikuwapo, na wako wenzangu walioacha kusoma kwa sababu ya bakora tu, hawakurudi mpaka leo. Hilo silitetei. Lakini chuo kilikuwa na jambo ambalo skuli hawakuwa nalo: tulisoma sote kwa sauti, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na sura yake au sote sura moja, na katika kelele ile mwenye kukosea hakujulikana. Ulikosea, ukamsikia wa ubavuni kwako, ukajisahihisha, ukaendelea. Hakuna aliyesimamishwa peke yake mbele za watu kabla ulimi wake haujazoea herufi. Herufi za Kiarabu si nyepesi kwa mtoto wa Kiswahili, na wengi wetu tulizipata.

Narudi Bukoba. Alasiri ile ile, saa tisa na nusu, wageni wamelala au wametoka, nikasikia kicheko kikubwa nyuma ya jiko. Nikaenda kuchungulia, nikakuta watumishi tisa wamekaa kwenye makreti ya soda: wahudumu, wapishi wawili, mtandika vitanda, na mlinzi wa mlangoni aliyezidi miaka hamsini. Katikati yao yuko mwalimu mmoja mstaafu wa sekondari, Mhaya, mtu wa maneno machache, amekaa kwenye kreti kama wao. Nikatoa salamu, nikakaribishwa, nikapewa kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na kukaushwa ambayo Wahaya humkaribishia mgeni tangu zama za kale. Nikakaa. Kuanzia siku ile sikukosa alasiri hata moja isipokuwa siku nilizokwenda Muleba.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa namba. Kila mtu ana kipande cha katoni kimeandikwa bei tisa. Mwalimu anataja bei kwa Kiingereza, mwenye nayo anaifunika kwa punje ya haragwe, na atakayefunika zote mwanzo ndiye mshindi. Mtaona ni mchezo wa watoto. Lakini zile bei hazikuchaguliwa ovyo: 13,000 na 30,000, 14,000 na 40,000, 15,000 na 50,000. Masikio yetu sisi hayasikii tofauti ya "fifteen" na "fifty" mpaka yafunzwe, na sote tunajua kinachotokea: mgeni ameambiwa elfu kumi na tano, ameletewa bili ya elfu hamsini, anaona ameibiwa, au kinyume chake, na zile elfu thelathini na tano zinakatwa katika mshahara wa mtumishi. Yule mlinzi alikosea siku ya kwanza namba nne kati ya tisa. Siku niliyoondoka hakukosea hata moja, na alinitangazia mwenyewe kabla sijamwuliza.

Mchezo wa pili ulikuwa kitendawili. Huu sikuhitaji kuelezwa. Mmoja anachagua kitu cha hotelini moyoni mwake, mfano pasi, ufunguo, chandarua, sufuria, kisha anakieleza kwa Kiingereza bila ya kukitaja jina, na wengine wanakisia. Wakishindwa wanampa mji, kama tulivyokuwa tukifanya kwa bibi zetu usiku. Mpishi mmoja alipewa Mwanza, Kampala na Mombasa katika alasiri moja, akawa anatembea jikoni kama sultani. Na huyu mpishi, nikaambiwa, mwezi mmoja nyuma alikuwa akiona Mzungu anakuja upande wa jiko hujifungia stoo.

Mchezo wa tatu ndio ulionifanya nichukue kalamu. Mwalimu ana kadi mbili mbili. Ya mgeni imeandikwa shida yake, na ya mtumishi imeandikwa anachokijua yeye. Mmoja haoni kadi ya mwenziwe, na hawana njia ya kumaliza shida ila kwa kusemezana. Mgeni hali karanga, mtumishi anajua mchuzi gani una karanga. Mgeni anataka kwenda hifadhi ya Rubondo, mtumishi anajua safari zilivyo. Mgeni amepotelewa na pasipoti. Mgeni anasema bili si yake. Pointi hazitolewi kwa ufasaha wa maneno. Asiyefahamu akasema kwa adabu, "Tafadhali, sema tena polepole," anapata pointi moja. Anayesema "Yes" ilhali hakufahamu anapoteza mbili. Anayemcheka mwenziwe anapoteza tatu, na kundi lake lote pamoja naye. Kosa la sarufi halisahihishwi mchezo ukiendelea. Mwalimu huliandika pembeni, na mchezo ukisha huyasoma makosa yote bila ya kutaja majina, kisha wote huitikia kwa pamoja lililo sahihi. Hapo nikakisikia chuo changu.

Nawaomba mlitazame jambo hili la pointi. Katika maisha yao yote watu hawa waliadhibiwa kwa kutofahamu, na hapa wanalipwa kwa kukiri kwamba hawakufahamu. Ile "Yes" ya woga ndiyo maradhi yenyewe. Sisi watu wa pwani tunayo, na Wahaya wanayo, kwani kwao pia mtoto hufunzwa asimpinge mkubwa, na mwanamke kwa desturi humwamkia mzee kwa kupiga magoti. Adabu hii sisemi iachwe. Nasema mgeni wa hotelini haijui, yeye akiambiwa ndiyo anachukua ndiyo.

Siku ya tano ikatoka kadi ambayo mwalimu aliitoa kwa upole, na wanaume akawaomba wanyamaze. Mgeni amemshika mkono mtandika vitanda chumbani, na mlango umefungwa. Binti aliyeipata aliinama. Nikaona macho yake yanaitafuta sakafu. Mwalimu akasema, "Tusiseme mmoja mmoja. Tuseme wote." Wakasema wote, kwa Kiingereza, mara sita au saba, sauti ikipanda kila mara: Hapana. Niache mkono. Fungua mlango. Namwita meneja. Kisha yule binti akasema peke yake, mara moja, ameinua uso. Hakuna aliyepiga makofi. Mlinzi akatikisa kichwa tu, akasema kwa Kiswahili, "Na mimi nipo mlangoni, nikisikia nitakuja." Wazazi wenye mabinti katika hoteli za visiwani nawaomba muisome aya hii mara mbili.

Mtoto wa ndugu yangu amesoma ualimu, na niliporudi nikamhadithia. Akaniambia wataalamu wameyasema haya siku nyingi. Ameniambia juu ya Johan Huizinga wa Uholanzi, aliyeandika mwaka 1938 kwamba mchezo umo katika mizizi ya ustaarabu wa binadamu, na si jambo la kupotezea wakati; na juu ya Mmarekani Stephen Krashen, aliyeandika mwaka 1982 kwamba hofu na haya huwa kama chujio linalozuia lugha isiingie moyoni, hata mwalimu akiwa hodari; na juu ya Elaine Horwitz na wenziwe, waliotunga mwaka 1986 maswali 33 ya kupimia hofu ya mwanafunzi wa lugha ya kigeni. Nimefurahi kusikia kuwa yapo vitabuni. Lakini wenye kucheza bao wanalijua hili bila ya vitabu. Bao lina kete 64, na hakuna aliyelijua ila amefungwa mara nyingi mbele ya baraza nzima, akacheka nao, akazipanga kete upya. Mtu huyo huyo umwambie asimame asome Kiingereza mbele ya baraza ile ile, atakumbuka kuwa ana safari.

Sasa Muleba. Huko nilikwenda kutazama kahawa, nikalala nyumba ya wageni mbili tofauti. Watu hudhani Muleba hakuna wageni. Wapo, ila si wa kuogelea. Ni madaktari, wanunuzi wa kahawa, watu wa mashirika, na watafiti. Wilaya hii ndiyo iliyofanyiwa ule utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa ile ya zamani pamoja na kemikali ya kuiongezea nguvu, uliotangazwa mwaka 2018. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuyategemea matokeo yake kutoa ushauri kwa nchi zenye malaria. Watu wa namna hiyo hulala katika nyumba za wageni za kawaida, na anayewapokea ni kijana wa kidato cha nne kama yule binti.

Na mwaka 2023 ulitokea ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Ulitangazwa tarehe 21 Machi, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kuwa umekwisha. Nalizungumza na mwenye nyumba mmoja juu ya siku zile. Alisema shida yake kubwa haikuwa dawa ya kunyunyizia, ilikuwa watumishi wake kuogopa kuwauliza wataalamu wa kigeni waliokuja maana ya maagizo yao. Waliitikia, wakaenda wakafanya wanavyojua. Mungu aliwasitiri. Katika siku kama zile, "sema tena polepole" si maneno ya utalii.

Katika nyumba ya pili niliyolala Muleba, mwenye nyumba alikuwa naye ameleta mchezo, na alijisifu kwangu. Ameinunulia kaunta simu nzuri, ndani yake imo programu ya kujifunza Kiingereza kwa kucheza, yenye pointi na nyota na sauti ya tarumbeta ukishinda. Kijana wa kaunta amekusanya maelfu ya pointi. Nikamtazama usiku akicheza: kidole kinakwenda mbio, neno kwa picha, picha kwa neno, na mdomo umefungwa. Asubuhi akaja mgeni kutoka Uganda kuuliza njia ya kwenda Bukoba na saa ya basi. Kijana akamtazama, akanitazama mimi. Nikamjibia mimi, kwa Kiingereza changu cha dukani. Sikumlaumu kijana. Simu imemfunza kidole. Tena akikosea simu haimcheki wala haimsubiri, hivyo lile analoliogopa hakulikuta humo hata mara moja. Nasikia na kwetu wako wanaotaka chama kinunue programu hizo kwa vijana. Kama fedha zipo, kuna mambo mengine ya kuzinunulia.

Wala sitaki mdhani kuwa Bukoba kila kitu ni asali. Wale watumishi tisa walicheza wakati wao wa kupumzika, baina ya zamu ya asubuhi na ya jioni, na hawakulipwa hata senti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, imeweka saa 45 kwa wiki kuwa mpaka wa kazi za kawaida. Nilipopiga hesabu na mpishi ya saa zake pamoja na hizi za mchezo, ulikuwa umepitwa. Meneja aliniambia mafunzo ni kwa faida yao. Nikamwuliza, bili ikiandikwa sawasawa na mgeni akirudi tena, faida inakwenda kwa nani? Akacheka, akaniletea chai nyingine. Mwalimu naye hulipwa kwa chakula cha mchana tu. Jambo jema likisimama juu ya watu kufanya kazi bure, siku wakichoka linaanguka.

Na mchezo peke yake hautoshi. Ushahidi wake uko kwetu. Nendeni Kiwengwa mkawasikilize mapapasi wakisema Kitaliano. Hakuna aliyewafunza, hawana cheti, lakini wanabishana bei, wanatania, wanaulizana khabari za mpira wa Milan, na Mtaliano anawafahamu. Wamejifunza kwa njia ile ile ya kete na kitendawili: kushindwa, kucheka, kurudi kesho. Wakati huo huo mtoto aliyekaa darasani miaka mingi na Kiingereza chake cha daftarini anapita pembeni ameinamisha kichwa. Lakini mpe papasi barua ya malalamiko ya mgeni aijibu kwa maandishi, au kitabu cha hesabu za mapokezi, atakwama, na ndiyo maana yuko mchangani na hayuko mapokezi. Binti wa Bukoba ana kalamu, papasi ana ulimi. Hoteli inataka mtu mwenye vyote viwili.

Ndugu wanachama, mwaka 2024 walifika visiwani wageni zaidi ya 730,000. Katika mikutano yetu tumelalamika miaka mingi kwamba kazi za mapokezi na za ukumbini wanapewa watu kutoka Kenya na Bara, na watoto wetu aghlabu mtawakuta bustanini, kwenye ulinzi na kwenye kufua. Malalamiko haya nami nimeyapigia makofi. Lakini nimekaa na watu wa Bukoba siku kumi na moja, na wawili kati ya wale tisa waliniuliza njia ya kupata kazi Nungwi. Hawakuniuliza kwa hila. Mshahara wa kwao ni mdogo, na wamesikia kwetu kuna wageni. Yule binti akija Nungwi na Kiingereza alichokipata kwenye kreti la soda, akamshinda mtoto wangu katika mahojiano, nitamwambia nini? Kwamba amezaliwa upande usiofaa wa bahari? Twaweza kuitaka serikali iweke masharti ya kuajiri wenyeji, na tuendelee kuitaka. Walakini sharti linamfikisha mtoto mlangoni tu. Akiulizwa swali la kwanza akajibu "Yes" isiyo mahali pake, mwenye hoteli ana hoja tayari, na sisi tumemkabidhi.

Wazee wawili wa tawi letu nimeshawasomea maneno haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Mmoja alisema Kiingereza ni lugha ya waliotutawala, na kuishughulikia ni kuwatukuza. Namheshimu, lakini wazee wa wazee wetu walisema Kiarabu na Maskati, Kihindi na wafanya biashara wa Kach, Kingazija na Wangazija, na hawakuwa wadogo kwa hilo. Lugha ya mteja ni mizani kama mizani nyingine za dukani. Wa pili alisema hotelini kuna pombe na uchi, na kumfunza kijana Kiingereza ni kumfungulia mlango wa huko. Huyu hoja yake ni nzito zaidi. Mimi mwenyewe sitamshauri mwanangu ahudumie baa. Lakini watoto wetu wameshaingia humo kwa njaa, wala hawakutungoja sisi tutoe fatwa, na aliyemo ndani bila ya maneno ya kukataa yuko khatarini kuliko aliye nayo. Mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza ile kadi ya mlango uliofungwa inasemaje. Nikamwambia. Akaniomba nimwandikie mjukuu wake.

Basi nataka tuanze, na tuanze kidogo. Tawi letu lina baraza, lina taa, na baada ya sala ya Isha watu wamekaa tu wakisubiri usingizi. Siku mbili kwa wiki zatosha. Wanawake wawe na wakati wao alasiri, na mwongozaji wao awe mwanamke, maana ziko kadi ambazo hazitasemwa mbele ya kaka na mjomba. Wanachama wanaofanya kazi hotelini watuletee maneno yenyewe wanayoambiwa na wageni, si ya kitabuni. Nani anajua kama wao mgeni husema nini kiyoyozi kikivuja? Chuo Kikuu cha Taifa kina wanafunzi wa utalii pale Maruhubi, na kuwaomba wawili watatu waje kutusikiliza makosa yetu si fedheha, hata kama baba zao si wa chama chetu. Kila mchezo ukisha, robo saa iwe ya kuandika: ripoti, bili, barua fupi ya kuomba radhi, ili tusije tukatoa mapapasi wapya. Sheria za pointi ziwe zile zile za Bukoba, khasa ile ya tatu. Tunapenda sana kuchekana sisi, na baraza letu lina mabingwa wake ambao sitawataja; hao ndio nitakaowatilia hesabu wa kwanza.

Na kwa wenye hoteli, viongozi wetu wapeleke dai moja lenye kueleweka: mafunzo ya lugha yafanywe ndani ya saa za kazi, yalipwe, na anayeyamaliza aongezewe kitu. Hoteli ikikubali, tuiandike jina lake hapa kwa sifa. Ikikataa, angalau tutakuwa tumeuliza, na sababu watakazozitoa tutaziandika vile vile.

Kadi za namba nimekwisha kuzikata mia na ishirini kutoka katika maboksi ya biskuti, ziko chini ya meza ya duka, na haragwe za kufunikia nitatoa mimi. Za mgeni na mtumishi bado. Nahitaji watu watatu wenye hati nzuri, na mmoja wao awe amepata kufanya kazi mapokezi. Waje Alkhamisi kabla ya Magharibi.

Muuza Duka